Kamba Kuukuu na Jiwe Jeusi

Wapo watu wanaodhani kuwa jambo gumu hushindwa kwa nguvu. Wahenga hawakuona hivyo. Walitazama kisima, wakaona jinsi kamba ya ndoo ilivyochimba mfereji kwenye ukingo wa jiwe, nao wakasema: papo kwa papo kamba hukata jiwe. Maana yake ni kwamba mtu akirudia jambo lake pale pale, bila kuchoka wala kukasirika, mwishowe hata kilicho kigumu humpa njia. Katika kiwanda kimoja cha kupasua mawe, methali hii haikuwa pambo la ukutani. Ilikuwa kazi ya kila siku.

Kiwanda hicho kilikuwa na paa refu la bati juu ya nguzo za chuma, sakafu iliyolowa saa zote, na tope jeupe lililoganda kwenye viatu kama uji. Upande mmoja ulisimama msumeno wa duara, wenye kelele na haraka. Upande wa pili ulikuwepo msumeno wa kamba. Kamba yake ilikuwa ya chuma, imevishwa shanga ndogo zenye chembe za almasi, nayo ilizunguka juu ya magurudumu makubwa huku ikililalia jiwe na kulila taratibu, maji yakiipoza.

Mwendeshaji mkuu wa msumeno huo alikuwa mjane mwembamba, mpole wa sauti, ambaye wote walimwita Mama Kamba. Jina hilo alilipata kwa sababu hakutupa kamba iliyochakaa. Kila kipande alikiosha na kukitundika kwenye misumari nyuma ya mlango, vinene pamoja na vinene, vyembamba pamoja na vyembamba.

"Mama, kamba zote hizo za nini?" alimtania mwendeshaji wa msumeno wa duara, ambaye haraka zake zilimpa jina la Radi. "Unataka kuanika nguo za mji mzima?"

"Ukileta zako, zilete umeshazifua," alijibu Mama Kamba, na karakana nzima ikacheka.

Siku moja mkunga mkuu wa hospitali alifika kuagiza meza ya kuoshea watoto wachanga. Alitaka ubao mmoja mrefu wa jiwe, usio na kiungo hata kimoja, kwa kuwa uchafu hujificha kwenye viungo. Uwanjani lilikuwepo jiwe moja tu lenye urefu huo. Lilikuwa jeusi, gumu kama moyo wa bahili, na nene kiasi kwamba msumeno wa duara usingefika katikati yake. Lilitosha kutoa ubao mmoja, wala halikubakiza nafasi ya kujaribu tena.

Mwenye kiwanda alimwita Mama Kamba kando.

"Mama, nitakwambia wazi. Mnunuzi wa vyuma chakavu anautaka msumeno wako. Watu wananiambia unakula maji na muda. Ubao huu ukitoka mzima, msumeno unabaki, na wewe unabaki nao. Ukivunjika, nauuza msumeno, na wewe utarudi kwenye tope."

Kurudi kwenye tope kulikuwa kurudi kwenye ufagio na koleo, pale alipoanzia kazi akiwa mke kijana.

"Nimekusikia, bosi. Mungu akipenda, utatoka."

Jioni, mama mkwe wake alimtazama kwa jicho la pembeni.

"Mwanangu, mbona unakoroga chai ambayo hujaitia sukari?"

Alipoelezwa habari za jiwe, bibi huyo alicheka hadi akashika mbavu. "Ulipoolewa humu ndani nilikuwa mgumu kuliko hilo jiwe lako. Kila asubuhi 'shikamoo mama, shikamoo mama', hata siku ambazo sikuitikia. Mwisho nilichoka mimi. Jiwe ni nani?"

Kesho yake Mama Kamba aliinamisha kichwa mbele ya mashine, akasali kwa ufupi kama ilivyokuwa desturi yake, kisha akaanza kufunga kamba. Hapa kulikuwa na kanuni aliyomfundisha kila mtu. Kabla ya kuunga ncha mbili, kamba husokotwa mizunguko kadhaa, ili izungushe mwili wake ikiwa kazini na shanga zake ziliwe pande zote. Isiposokotwa, shanga huliwa upande mmoja, zikawa bapa, na kamba hunasa ndani ya jiwe.

Lakini asubuhi hiyo mwenye kiwanda alisimama nyuma yake akitazama saa, na Radi akapaza sauti kutoka upande wa pili: "Mama, mtoto atazaliwa, atakua, atakuja kujiogesha mwenyewe kabla meza haijakatwa."

Watu walicheka. Yeye naye alicheka, ila neno lilimchoma. Mikono yake ikaingiwa na haraka isiyo yake. Akaunga ncha, akafungua maji, akawasha mashine. Hakuisokota kamba.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Baadaye, mkato ulipofika katikati ya jiwe, mvumo wa kamba ukageuka kuwa mngurumo. Akakimbilia swichi. Kabla hajaizima, kamba ilikwisha kunasa. Alipofungua kiungo na kuvuta ncha moja kidogo, aliziona shanga zimekuwa bapa, akaelewa yote.

"Kosa ni langu," alisema mbele ya wote. "Sikuisokota."

Radi hakutania. Alitazama viatu vyake.

"Fungeni winchi, ivuteni," aliamuru mwenye kiwanda.

"Bosi, winchi itaing'oa kamba pamoja na ukingo wa jiwe. Nililolifunga, niache nilifungue."

Mwenye kiwanda alikuna kidevu. "Kesho asubuhi mkunga anakuja na gari. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

Mama Kamba alisali moyoni: Bwana, usinipe nguvu ya kuvuta, nipe mikono ya kungoja. Kisha akamwaga maji ndani ya mkato hadi tope likaanza kutoka, akashika ncha moja na kuivuta kidogo. Aliirudisha, akaivuta tena. Kamba haikusogea zaidi ya ukucha. Punde akaona ncha ya upande wa pili imeshikwa. Alikuwa Radi, amevaa glavu.

"Niambie tu, Mama. Nivute wakati gani?"

"Nikiachia, vuta. Nikivuta, achia. Na usishindane nayo."

Wakawa hivyo, huku na huku, mithili ya watu wanaotwanga katika kinu kimoja. Jua lilipoanza kuinama kamba ilichomoka nzima, na jiwe halikupata hata mkwaruzo.

Radi alikimbia kuleta kamba mpya. Mama Kamba akatikisa kichwa. Mkato ulichongwa na kamba iliyokuwa ikichakaa, kwa hiyo ulikuwa mwembamba. Kamba mpya ilikuwa nene, isingepita.

"Ni kumvika baba kiatu cha mtoto," alisema Radi kwa huzuni. "Sasa tumekwisha."

Mama Kamba alikwenda nyuma ya mlango.

Alishusha vipande vyembamba, akavipitisha kimoja kimoja kwenye mkato. Kilichosita alikirudisha msumarini, kilichoteleza alikiweka begani. Aliviunga vikawa kamba moja, kisha akaisokota taratibu, huku Radi akishika ncha. Safari hii hakutazama saa ya mtu. Kabla ya kufunga kazi walikuwa wameanza kukata, kamba ikivuma kwa upole kama nyuki mzingani. Kulipopambazuka wakaendelea pale pale walipoishia.

Gari la hospitali lilifika mkato ukikaribia chini. Mkunga mkuu alisimama pamoja na mwenye kiwanda. Mvumo ukawa mwepesi, maji yakabadilika rangi, na ubao ukajitenga na jiwe, ukaegemea magogo yaliyowekwa kuupokea.

Mama Kamba aliulowesha wote, akangoja. Penye ufa maji huchelewa kukauka, yakaacha mstari mweusi. Wote walikodoa macho. Ubao ulikauka kuanzia pembeni hadi katikati, na mstari haukuonekana. Aliugonga kwa kifundo cha kidole, ukalia kama kengele.

Mkunga alipitisha kiganja chake kutoka mwanzo hadi mwisho. "Hapa mtoto hatakwaruzika," alisema.

Mwenye kiwanda alikohoa, akamgeukia karani wake. "Mpigie yule wa vyuma chakavu. Mwambie asijisumbue kuja. Huu msumeno una mwenyewe."

Wafanyakazi walipiga makofi hadi bati likaitikia. Mama Kamba alifumba macho kidogo, midomo ikacheza, asisikike anachosema. Alipoyafumbua alimkuta Radi mbele yake, ameibeba ile kamba kuukuu iliyomaliza kazi.

"Mama, na hii niianike?"

"Ianike, mwanangu. Ila ifue kwanza."

Radi aliiosha kwa mikono miwili, akaitundika nyuma ya mlango pamoja na zile nyingine. Nje, gari liliondoka polepole na ubao mweusi usio na kiungo, ushahidi kwamba wahenga hawakukosea: papo kwa papo kamba hukata jiwe.