Huduma ya Nne

Jambo la mwisho la kawaida ambalo Nakiete alimwambia mumewe, kabla ya kwenda hospitali asikorudi, lilikuwa hili: "Usiizime kompyuta, Elifasi. Iache iwake."

Elifasi akamzika mkewe, na kompyuta akaiacha ikiwaka.

Mwezi wa pili akasikia kwamba wezi wa mtandaoni wameingia kwenye kompyuta ya mtu mtaani wakafuta kila kitu. Akaogopa. Ya kwake ndiyo iliyohifadhi picha zote za marehemu.

Akafungua ngome ya kompyuta, ile programu inayoamua huduma gani za mtandao zipite na zipi zizuiwe. Alikuta huduma tano zimeruhusiwa. Tatu alizijua wala hakuzihitaji. Ya nne na ya tano hakuzijua kabisa. Hakuchunguza. Akazizuia zote, akaridhika.

Kesho yake mchana akasikia hodi. Alikuwa Bi Semeni, jirani wa ghorofa ya chini, mama asiyeona. Alikuwa amepanda ngazi peke yake kwa kupapasa ukuta.

"Shemeji, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, dada. Keti kwanza."

"Siketi. Mbona Nakiete leo hasemi?"

Elifasi akadhani uzee umemchanganya. Akasema taratibu, "Nakiete tulimzika. Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo, na wali nilikula. Akili zangu ninazo! Kila siku saa tatu asubuhi ananisomea kitabu kwenye ile spika aliyonifungia. Alisoma akarekodi, akaniwekea akiba. Jana tumeishia pale mume anataka kuuza ng'ombe wa mkewe. Leo kimya. Sasa niambie, kauza au hajauza?"

Elifasi akamteremsha hadi kwake, akamwahidi kuangalia, kisha akarudi kwenye kompyuta. Huduma ya nne ndiyo iliyokuwa ikipeleka sauti kule chini. Rekodi zilikuwa sitini na mbili, na ambayo haijasikika ilibaki moja tu. Akaisikiliza hadi mwisho. Nakiete alisoma, akakohoa, akapumzika, kisha akasema:

"Semeni, pumzi zangu zimeishia hapa. Kurasa zilizobaki atakusomea Elifasi. Ana sauti nzuri sana, basi tu anaitumia kuulizia chai iko wapi."



Asubuhi iliyofuata aliichunguza huduma ya tano, akakuta ni mabaki ya mchezo wa zamani. Akaiacha imefungwa pamoja na zile tatu. Ya nne akairuhusu, kwa spika ya Bi Semeni peke yake. Saa tatu Nakiete akasoma kwa mara ya mwisho. Alipomaliza, Elifasi akafungua kitabu pale Nakiete alipoweka uzi wa alama, akasogeza kinasa sauti, akasafisha koo.

"Bi Semeni," alianza, "ng'ombe hajauzwa bado. Sikiliza."

Funzo: Kabla hujafunga mlango, uliza ni nani anapita hapo. Woga hufunga yote kwa pamoja. Mwenye kujua hufunga wa mwizi, akaacha wazi wa jirani.