Mtamba wa Aliyekufa Akatoka

Hapo zamani, milima ilipokuwa na chemchemi nyingi kuliko njia, palikuwa na kijiji kiitwacho Ngwevo, na katika Ngwevo palikuwa na mjane mmoja mfinyanzi, jina lake Nakiete. Vyungu vyake vilipikiwa kuanzia huko juu kwenye ukungu hadi chini nyikani kwa wafugaji. Alikuwa na binti mmoja, Namkunda, na mtamba mmoja mweusi mwenye baka jeupe kifuani. Hakuwa na kingine. Binti ndiye aliyemsaidia kazi. Mtamba ndiye uzee wake: akizaa, kuna maziwa, akizaa tena, kuna samadi ya migomba na ndama wa kumpa mtu wa kumlimia. Basi, hayo ndiyo yaliyokuwa maisha ya Nakiete.

Sasa, watu wa Ngwevo walikuwa na Kirumbi wao. Kirumbi, walisema, alizaliwa na msichana asiyemjua mwanamume. Alichunga mbuzi wa watu, akaponya vipofu kwa mate yake. Ukaja ukame ule mkubwa, ndugu zake wakakaa wakasema, "Afe mmoja, tupone wote." Wakamfunga mikono kwa ukanda wa ngozi hadi ukamkata nyama. Wakamuua, wakamlaza pangoni, wakaliziba pango kwa bamba la jiwe. Siku ya tatu wanawake wakapanda alfajiri na samli ya kumpaka. Wakakuta bamba limelala kando, na pale alipolazwa panabubujika maji. Kirumbi hayupo. Msichana mmoja tu alimwona akipita ukunguni, naye akamwambia, "Waambie wanywe."

Kwa hiyo kila mwisho wa kiangazi wanawake wa Ngwevo walinyoa nywele, wakajipaka majivu, wakamlilia Kirumbi kama anayeliliwa ni mtoto wao wa kumzaa. Kisha alfajiri moja wakapanda chemchemini kwa vigelegele. Mtunza chemchemi alikuwa Naetwe, shangazi yake Nakiete, mwanamke mfupi mwenye ulimi mrefu.

Mambo yakawa hivyo hadi alipokuja Mwalimu Yoeli, mwinjilisti kutoka upande wa pili wa mlima, na kengele yake na kitabu chake. Ijumaa moja akawakusanya wanawake kanisani kwake, akaanza kusimulia. Alipofika kwenye bikira aliyezaa, wanawake wakatazamana. Alipofika kwenye "afadhali mtu mmoja afe kwa ajili ya watu," wakaguna. Alipofika kwenye kaburi na jiwe, lo! Kanisa zima likaangua kilio. Mmoja akatoka mbio kwenda jikoni kwake kuchota majivu.

Mwalimu Yoeli akafurahi sana. Akadhani Roho ameshuka.

"Mama zangu," akasema, "mbona mnamlilia hivi, na ndio kwanza mmemsikia leo?"

"Leo? Tumemlilia tangu tunanyonya, Mwalimu!" akajibu Nakiete, machozi yakimtoka. "Umesimulia vizuri sana. Ila umesahau samli."

"Samli gani?"

"Waliyokwenda nayo kumpaka."

"Ni manukato, mama. Yalikuwa manukato."

"Huko kwenu ni manukato," akasema Shangazi Naetwe toka mlangoni. "Huku alipofia ni samli."

Tangu siku hiyo Nakiete akawa wa kanisani. Akabatizwa, akaitwa Marta. Mwalimu akamwambia, "Sasa achana na Kirumbi." Akajibu, "Ndiyo, Mwalimu." Mwisho wa kiangazi ulipofika akanyoa nywele, akapanda chemchemini. Shangazi akimuuliza, "Wewe mtoto, wewe ni wa nani siku hizi?" hujibu, "Wa yule aliyekufa akatoka." Mwalimu akimuuliza, "Marta, wewe ni wa nani?" hujibu, "Wa yule aliyekufa akatoka." Wote wawili waliridhika. Naye Nakiete hakuwa anamdanganya mtu. Ndivyo alivyokuwa akimwona moyoni: mtu mmoja, akitoka ardhini, uso wake bado una giza la mle ndani.

Ikawa masika moja, mvua zimeanza mapema. Nakiete na Namkunda wakashuka kwenye shimo la udongo wa kufinyangia, wachukue mzigo wa mwisho kabla shimo halijajaa maji. Na hapa mjue jambo moja. Shimo la udongo kwa watu wa Ngwevo ni la wanawake peke yao. Limezungushiwa masale, yale majani ya mpaka, na mwanamume hayavuki. Akiyavuka, vyungu vya mwaka mzima vitapasuka motoni, na yeye mwenyewe hatapata mtoto milele. Kwa hiyo aliyevuka masale haozwi, ila akitanguliza ng'ombe wa kuifuta laana hiyo. Nani atampa bintiye mtu aliyekwisha kukata ukoo wake kwa miguu yake mwenyewe?

Nakiete alikuwa juu anafunga mzigo. Namkunda alikuwa ndani anachimba. Ukingo ukateremka. Haukupiga kelele hata, ulishuka kama mtu anayekaa chini. Hakuonekana binti, halikuonekana jembe.

Nakiete akajitupa, akachimba kwa kucha. Wanawake wakaja, wakachimba. Wanaume wakaja na majembe yao makubwa, wakasimama nje ya masale, wakatoa ushauri.

"Chimbeni kushoto!"

"Kushoto gani? Hapo kwenye jiwe!"

"Njoo basi uchimbe wewe mwenye akili!" akapiga kelele mwanamke mmoja, naye aliyeambiwa akaangalia masale, akarudi nyuma hatua moja.

Hapo ndipo Nakiete alipoinua mikono yenye matope, akaita kwa sauti iliyosikika mpaka ng'ambo ya bonde: "Ewe uliyelazwa ardhini ukatoka! Nitolee mwanangu, na mtamba wangu ni wako mzima mzima, kabla hajazaa!"

Kila mtu alisikia. Mungu alisikia, mizimu ilisikia, na kijana mmoja aitwaye Mbonea akasikia. Mbonea hakuwa wa kanisani, na chemchemini wanaume hawaendi kulia. Alikuwa mkulima wa tangawizi, mchekeshaji, na posa yake ilikwisha kupokelewa kwa watu wa kilima cha pili. Akatazama jembe lake. Akatazama masale. Akasema, "Basi tena," akavuka.

Akachimba kama anayetafuta roho yake mwenyewe. Mkono wake ukashika mkono. Akavuta, akamtoa Namkunda kichwa, akamtoa kifua, akamsukuma juu kwa bega, wanawake wakampokea, akakohoa, yu hai! Na vigelegele havijaisha, ukingo ukashuka mara ya pili, ukamfunika Mbonea.

Walipompata jua lilikuwa limesogea sana. Matope mdomoni, matope puani, pumzi hakuna. Wakamlaza juu ya majani ya mgomba. Mama yake akamlilia. Wale wanaume sasa wakapata kazi ya kufanya, wakaanza kuchimba kaburi. Shangazi mmoja wa marehemu akaja na maji ya kumwosha, akamsafisha pua.

Mbonea akapiga chafya.

Maji yalimwagika, waliokuwa kaburini wakarukia nje, na mama yake akazimia badala yake. Mbonea akaketi, akauliza, "Yule msichana alitoka?"

Siku chache zikapita. Watu wa kilima cha pili wakaja, hawakukaa. Wakarudisha vitu vya posa, kila kitu, hata kibuyu cha asali, kikiwa kitupu. Na kiwele cha mtamba wa Nakiete kikaanza kujaa.

Akaja Shangazi Naetwe uani. "Kamba iko wapi? Ulimwita Kirumbi mbele ya kijiji kizima. Mtamba apandishwe chemchemini, achinjwe, wanawake wote wale nyama yake. Nadhiri ya ardhini haichezewi, mwanangu. Ardhi iliyomtoa binti inajua njia ya kumrudisha."

Hajamaliza, akaingia Mwalimu Yoeli. "Marta, Bwana amekujibu. Mtamba aje kanisani. Tuna watoto yatima pale, hawana mama wala maziwa. Ukimpa sanamu kilicho cha Bwana, utakuwa umemkana."

"Sanamu!" Shangazi akacheka. "Mwalimu, wewe umemwona Kirumbi ana sanamu wapi? Ana maji. Na hayo unayobatizia umeyachota kwake."

"Mama, Kirumbi ni mwigo. Yule mwovu alijua Mwana atakuja, akatangulia kuiga habari zake ili awapoteze."

"Kwa hiyo mwovu ndiye aliyetufundisha kwamba mtu anaweza kufa kwa ajili ya wenzake? Mwovu gani huyo, ana roho nzuri kuliko wajomba zangu!"

Mwalimu alikuwa mtu mkweli. Akasema polepole, "Au labda alikuwa kivuli, mama. Kivuli cha Yule aliyekuwa anakuja."

"Haya. Kivuli hutoka kwa mtu. Kama kivuli kilikuwa hapa Ngwevo tangu enzi za bibi wa bibi yangu, basi mwenye kivuli alikuwa hapa pia. Wewe sasa umetuletea nani?"

"Nimewaletea jina lake, mama. Mlikuwa mnamlilia bila kujua jina."

"Jina tulikuwa nalo!"

Nakiete akasema, "Muulizeni Namkunda. Yeye ndiye aliyekuwa chini."

Namkunda akaitwa. Mwalimu akamuuliza taratibu, "Binti, mle ndani ulimwona nani?"

"Niliona giza."

"Na kisha?"

"Nikaona mkono."

"Mkono wa namna gani?"

"Una matope. Una kidonda."

"Kidonda!" akasema Mwalimu Yoeli, akasimama. "Kidonda cha msumari!"

"Cha ukanda wa ngozi!" akasema Shangazi Naetwe, naye akasimama.

"Cha jembe," ikasema sauti mlangoni. Alikuwa Mbonea, kiganja kimefungwa kitambaa. "Samahani wazee. Sikuja kugombana. Mama yangu ndiye aliyenituma kumdai mtamba, na mama yangu mnamjua."

"Kijana, nadhiri haikuwekwa kwako," akasema Mwalimu.

"Ilisemaje nadhiri? 'Uliyelazwa ardhini ukatoka.' Mimi habari za hao wawili sizijui, Mwalimu. Ninachojua nililazwa, nikaliliwa, nikachimbiwa kaburi. Lipo pale, limejaa maji ya mvua, nendeni mkalione. Nikatoka."

"Lakini alipoita, wewe ulikuwa hujafa bado!" akasema Shangazi Naetwe. Kwa mara ya kwanza Mwalimu akaitikia kwa kichwa kukubaliana naye.

"Kweli," akasema Mbonea. "Nilikufa baada ya kuitwa. Hao wenu walikuwa wamekwisha kufa wakaondoka, hawakuwa na cha kupoteza tena siku ile. Mimi nilikuwa na mchumba. Leo hakuna nyumba itakayonipokea mpaka nitangulize ng'ombe kufuta yale masale, na ng'ombe sina. Sasa mtaniambia: aliyemtoa Namkunda ni nani?"

"Aliyekupa moyo wa kuvuka," akasema Mwalimu.

"Aliyeshikilia udongo usikumalize," akasema Shangazi.

"Haya, na jembe je, nalo ni lenu?" akasema Mbonea, na Namkunda akacheka, akajiziba mdomo.

Wakamgeukia Nakiete. "Sema mwenyewe. Ulipoita, ulikuwa unamwita nani?"

Nakiete akafikiri. Akarudi moyoni mwake mpaka pale shimoni, mpaka kwenye ile pumzi kabla ya neno. Alitaka sana kupata jina, maana angepumzika. Akaona matope. Akaona mtu anatoka ardhini, na uso wake haujaoshwa. Akasema, "Nilimwita aliyeweza kusikia."

"Na akasikia nani?" wakauliza wote watatu kwa pamoja.

Nakiete akawaomba wampe muda. Lakini mtamba hakumpa. Asubuhi moja alikataa majani, akawa anajigeuza, anajitazama ubavuni, na Nakiete akajua. Nadhiri ilisema kabla hajazaa. Akizalia zizini, nadhiri imevunjika, na shimo la udongo bado lipo, na Namkunda bado ni mfinyanzi, kesho atashuka tena.

Akamfunga kamba, akatoka naye. Pale njia zinapogawana akawakuta wamekwisha kufika, maana Ngwevo hakuna siri. Upande wa chemchemini, Shangazi Naetwe na wanawake walionyoa. Upande wa kanisani, Mwalimu Yoeli na yatima wake, mdogo kabisa amembeba mgongoni yeye mwenyewe. Upande wa mashamba ya tangawizi, Mbonea, peke yake, hakutazama mtu.

Shangazi akanyoosha mkono, akasema, "Kirumbi ndiye wa kwanza kufa kwa ajili yetu. Ulimlilia kabla hujajua kusema."

Mwalimu akanyoosha mkono, akasema, "Bwana alikufa kwa ajili ya wote, hata wa Ngwevo, hata huyu Kirumbi wenu. Kwa jina lake ulibatizwa."

Mbonea akakawia, kisha naye akanyoosha ule mkono wenye kitambaa. "Mimi nilikufa kwa ajili ya mmoja tu," akasema. "Yule pale."

Mtamba akapiga magoti njiani. Maji ya uzazi yakaanza kumtoka. Kamba ilikuwa moja, na mikono ilikuwa mitatu, na Nakiete akawa anaitazama mikono hiyo.

Haya, nyinyi mliokaa hapa mkisikiliza, msiniangalie mimi. Mtamba hangoji. Wa kwanza alikuwepo kabla ya wote, wa pili aliahidiwa kwa ubatizo, wa tatu alivuka masale kwa miguu yake. Kamba ingekuwa mkononi mwako, ungemkabidhi nani? Je, nani hasa alimstahili mtamba wa Nakiete?