Jina Moja la Wimbo wa Tusekile

Sogeeni, na walio nyuma watege sikio, maana kesi hii haijapata wa kuikata.

Kule Tukuyu, kwenye mvua isiyojua kuaga, palikuwa na shule ya msingi, na ndani yake watu watatu wa kesi hii. Bupe, msichana wa darasa la pili, alijaliwa sikio. Mwalimu Mwakalobo, mwalimu wa darasa hilo, alijaliwa subira. Mama Subilaga, mpishi wa uji, alijaliwa mkono usiopoteza mapigo. Hata kukoroga alikoroga kwa mdundo. Kisha akaja Tusekile, mwanachuo aliyeletwa kufanya mazoezi ya kufundisha muziki. Yeye alijaliwa hamu tu.

Shuleni pale, mwanachuo akiondoka huacha wimbo. Wimbo huo huwa na jina la mtu mmoja aliyemsaidia, naye huimbiwa kila Ijumaa mpaka azeeke. Leo ni zamu ya Tusekile kutaja jina, naye hakai wala hatulii. Sikilizeni kwa nini.

Tusekile alikuwa akianzisha wimbo juu mno. Woga ukimshika, sauti inapaa, na watoto wananyoosha shingo kuifuata wasiifikie.

"Madamu kapanda darini tena!"

"Leteni ngazi!"

Alicheka nao, kisha saa ya mapumziko akazunguka uwanja mzima asijue pa kuweka mikono. Mkufunzi wa chuo alikuwa anakuja kumpima. Akifeli, anarudia mwaka.

Siku moja Bupe alibaki darasani wenzake walipokwenda kucheza rede. Akamshika Tusekile sketi.

"Madamu, ukisema 'Bupe, kaa,' sauti yako iko hapa." Akajigusa kifuani. "Ukiimba inakwenda kule juu. Anzia kwenye 'Bupe, kaa.'"

Tusekile akajaribu. "Bupe, kaa…"

"Mimi nimeshakaa, Madamu. Imba."

Akaimba, na sauti ikatua pazuri. Lakini wasichana wenzake walimwita Bupe kipenzi cha madamu, wakamtoa kwenye rede. Akawa anasimama pembeni, amewashikia masweta yao.

Hata hivyo kujifunza hakuji kwa siku moja, na darasa liliendelea kuwa soko. Mwalimu Mkuu akamwita Mwakalobo.

"Lichukue darasa lako. Mkufunzi akikuta zogo hili, aibu ni ya shule."

"Darasa ni lake mpaka amalize."

"Na akianguka?"

"Andika nimeanguka mimi."

Akarudi kukaa nyuma ya darasa, uso ameuelekeza dirishani, ili binti akikosea asikutane na jicho la mtu. Mwalimu Mkuu akamnunia. Safari ya kupeleka timu ya shule kwenye mashindano, aliyoingoja Mwakalobo mwaka mzima, ikapewa mwingine.

Siku ya mkufunzi, mvua ilimwagika juu ya bati kama kokoto. Tusekile akasema moyoni, "Bupe, kaa," akaanzisha pazuri kabisa. Hakuna aliyemsikia. Kila mtoto akaenda na njia yake, na mkufunzi akashika kalamu.

Jiko lilikuwa ukuta wa pili. Mama Subilaga akaacha uji motoni, akaja kusimama mlangoni amelowa chapachapa, mfuniko wa sufuria mkono mmoja na mwiko mkono mwingine. Ko, ko, ko-ko! Watoto wakayadaka mapigo kwa miguu, kisha wakaudaka wimbo. Wakaimba kuishinda mvua, na mguu wa mkufunzi ukaanza kucheza wenyewe.

Tusekile alifaulu. Uji uliungua.

"Mama, leo umetupikia mkaa?" watoto wakamtania.

"Nyweni, wanangu, sauti ziwe nzito!"

Alicheka hivyo, lakini alikuwa ametoka kugombezwa na Mwalimu Mkuu mbele ya watoto haohao.

Sasa jina. Tusekile aliomba yaingie yote matatu. Mwalimu Mkuu akacheka mpaka akavua miwani. "Majina matatu? Huo si wimbo tena, Madamu. Hayo ni mahudhurio!"

Bila Bupe, mwiko ungegonga wimbo usioimbika. Bila Mwakalobo, asingekuwa na darasa la kupimwa nalo. Bila Mama Subilaga, kazi yote ingezama kwenye mvua. Akiwaza huyu, wale wawili wanamvuta.

Akamwendea Mwakalobo. "Mwimbe mtoto," mzee akasema. "Mimi nina mvi, nitaona haya."

Akaenda jikoni. "Mwimbe mwalimu, mwanangu. Mimi wataniimbia kwa uji gani, ule?" Lakini alipomaliza kusema aliendelea kuufuta mwiko uliokwisha kukauka.

Na Bupe? Bupe hakusema aimbwe wala asiimbwe. Aliuliza tu, "Madamu, jina langu linaingia kwenye wimbo? Halizidi?"

"Linaingia vizuri," Tusekile akajibu, kwa kuwa ndiyo kweli. Bupe akaenda kwenye mstari wake akiruka.

Shule nzima imejipanga. Mwakalobo anatazama viatu vyake. Mama Subilaga amesimama mlangoni pa jiko, kanga ameifunga upya. Bupe hapepesi macho. Watoto wamevuta pumzi wakingoja jina, na Tusekile amefungua mdomo.

Je, ungekuwa wewe, ungemwimba nani? Na wale wawili ungewatazamaje?