Kiboko na Historia ya Timu ya Kikapu

"Mpo?"

"Tupo!"

"Nirushe?"

"Rusha, tunadaka!"

Basi hapo kale wanyama walikuwa na Chuo Kikuu cha Bondeni, na chuo kina timu ya kikapu ya wanaume. Nahodha ni Kiboko. Mpira ukidunda, du-du-du, Kiboko anaunyakua. Chakula kikija, Kiboko anakinyakua. Sifa zikitajwa, Kiboko anazinyakua.

Timu ilikuwa na desturi. Kabla ya fainali wachezaji wanasimama duara, mmoja anauliza historia ya timu, na aliyefanya jambo anaitikia, "Mimi!" Lakini nani angemuwahi Kiboko? Swali halijaisha, keshapanua domo: "MIMI!"

Asubuhi ya fainali, Kocha Korongo akafungua stoo. Lahaula! Kitasa kimevunjwa, matikiti ya timu hakuna, maganda matupu!

"Ni Nguchiro," akasema Kiboko.

Nguchiro, mchezaji mdogo kuliko wote, akashtuka. "Mimi? Kaka Kiboko, tikiti moja tu linanizidi kimo!"

"Vidogo ndivyo vilafi. Afukuzwe!"

Wenzake wakaangalia chini. Kocha akakohoa. "Dogo, vua jezi. Na chuoni utoke leo leo."

Nguchiro akaishika jezi yake. Jezi ile mama yake aliipunguza kwa mkono, kijiji kizima kikaja kuitazama. Leo arudi bila jezi vipi?

"Nitavua, Kocha. Ila niacheni niulize historia, mara ya mwisho."

"Haya, uliza."

Wakasimama duara.

"Zamani kikapu kilikuwa na kitako, mpira ukiingia hautoki. Nani alipanda mlingoti kuutoa?"

"MIMI!"

Tumbili, aliyepanda, akamkodolea macho.

"Nani aliifunga timu ya Nyani mpira wa mwisho, chwaaa?"

"MIMI!"

"Nani aliruka kumpita Swala?"

"MIMI!"

Nguchiro akaongeza kasi. "Nani alizuia?"

"MIMI!"

"Nani alikimbia?"

"MIMI!"

"Nani alivunja kitasa cha stoo?"

"MIMI!"

"Nani alikula matikiti?"

"MIMI! Yote! Peke yangu!"

Filimbi ikamdondoka Kocha, ti! Kiboko akajiziba domo kwa mikono miwili, lakini domo lile halizibiki.

"Jamani, nilitaka kusema..."

"Umeshasema, kaka," akasema Tumbili.

Kiboko akavuliwa jezi, akakimbilia mtoni, chubwi! Ndiyo maana mpaka leo akiona watu anazamisha uso.

Jioni Nguchiro akacheza fainali na jezi yake. Wakafungwa na Nyani, kipigo cha aibu, maana chini ya kikapu hakubaki mtu wa maana.

Mwaka uliofuata historia ikaulizwa. "Nani alitupotezea fainali?"

Nguchiro akawa wa kwanza kuitikia, na duara zima likamfuata: "KIBOKO!"

Funzo, wanangu: historia ya timu ni kweli tupu. Msiibishie.

Filimbi imelia, hadithi imekwisha. Walioshinda wakaoge, na walioshindwa nao wakaoge.