Barua ya Mlinzi

Ndugu zangu, nina habari ya mwalimu mkuu mmoja na kompyuta yake kuukuu.

Mwalimu huyu alimfukuza kazi mlinzi wa shule kwa wizi wa hadubini ya maabara. Wiki mbili baadaye akaikuta kabatini mwake, alimoiweka kwa mkono wake mwenyewe. Akamwambia mlinzi kwamba imepatikana, bila kusema wapi, akamwahidi barua ya kumsafisha jina ili aajiriwe kwingine.

Mlinzi akaja Jumatatu. Mwalimu akamwambia, "Kompyuta inasumbua, mzee wangu. Njoo Ijumaa."

Ijumaa, jibu lilelile. Na kweli ilisumbua. Ukiiwasha, chai unaimaliza haijafunguka. Mwalimu aliizima, akaiwasha, akatoka nje, akarudi. Nyumbani usingizi ukawa hauji. Miezi mitano ikapita hivyo.

Mwishowe akamwita fundi, dada mmoja asiye na maneno mengi. Akang'oa prosesa ya zamani, ule ubongo wa kompyuta, akaweka nyingine yenye kasi na hifadhi kubwa zaidi ya ndani, ile ambamo mashine huweka karibu vitu inavyovihitaji kila mara, isivifuate mbali. Kilichochukua dakika nne kikachukua sekunde kumi na mbili. Ukurasa mweupe ukafunguka. Mlinzi, aliyekuja tena siku hiyo, alikuwa amesimama mlangoni, anangoja.

Mwalimu akavuta kiti. Akabadilisha ukubwa wa herufi, akaurudisha. Akafuta jasho. Kisha akasema, "Bado nzito hii."

Fundi akatazama skrini. "Mwalimu, mashine imemaliza. Inakusubiri wewe."

Ndugu, barua ile ilihitaji nini? Ilihitaji neno moja: nilikosea mimi. Ni prosesa gani ingemwandikia hilo?

Mwalimu akaiandika, akaichapisha, akampa mlinzi. Mlinzi akaisoma palepale.

"Mistari mitatu," akasema. "Wanangu wameitwa watoto wa mwizi miezi mitano, Mwalimu, kwa mistari mitatu?"

Akaikunja, akaondoka bila kuaga.

Na sisi je? Tunamwomba Mungu atupe nafasi, atupe nguvu, mambo yatulie kwanza, ndipo twende kuomba radhi. Mangapi ameshayatuliza, na bado tumekaa? Wewe uliyeketi hapo unamjua anayekungoja. Usisubiri nimalize mahubiri. Ukitaka kuinuka sasa hivi uende kwake, inuka. Hakuna atakayekushangaa.