Hodi ya Tatu ya Famau

Zama za babu zetu, mji huu haujapata jina wala kisima, na dunia iko katika vita vyake vikuu vya pili, aliishi Famau bin Lali wa Shekuwe, Famau Mbeba Nanga, mwanamume aliyeinua peke yake mzigo wa watu wanne kisha akauliza mwingine uko wapi. Nyinyi vijana mnaochoka kwa kubeba simu, nyamazeni mnisikilize.

Famau na mdogo wake Shee, pamoja na wenzao wanane wa kwetu, waliajiriwa katika chumba cha boila cha Montavia, manowari ya Wamarekani. Manowari tatu zilisafiri pamoja. Asubuhi moja ndege za adui zikazishukia. Ya kwanza ikashika moto, moto ukafika kwenye ghala la baruti, meli ikakatika vipande viwili mbele ya macho yao. Ya pili ikalala ubavu ikazama na watu wake wote, lahaula! Ikabaki Montavia, nayo inaungua, moto unatambaa kuelekea ghala lake la baruti, na melini mna roho mia tatu.

Dawa ilikuwa moja: kufungua bomba la kuingiza maji ya bahari ghalani. Lakini gurudumu la bomba lilikuwa limepinda kwa mshindo, ukiliachia linajifunga, kwa hiyo lilitaka mtu wa kulishikilia. Na mlango wa chuma sharti ufungwe nyuma yake, maji yasije yakaenea melini kote. Nahodha akawatazama watu wake, nao wakatazama chini. Famau akavua shati.

“Shee,” akasema, “ufunge mlango huu kwa mkono wako. Nikigonga mara tatu, jua ghala limejaa. Usinifungulie. Ukifungua, umewaua wote.”

“Kaka, nitamwambia nini mama?”

“Mwambie nilipiga hodi kwa adabu, kama alivyonifunza.”

Mlango ukafungwa. Wakangoja, chuma kinazidi moto mpaka rangi ikachuruzika. Kisha ikasikika: ngo! Kimya. Ngo! Kimya kirefu. Ngo!

Sasa, kwa desturi yetu ya asili mtu akipiga hodi ya tatu asiitikiwe huenda zake, na ni aibu kubwa kumwacha aende. Kabla akili haijamrudia, mkono wa Shee ulikwisha kuzungusha komeo nusu, maji yakaanza kuchirizika mlangoni.

“Ebo! Utatuua!” wakapiga kelele wenzake.

Lakini mpini wa komeo ulikuwa na upande wa ndani pia. Famau akaushika huko majini alikokuwa, akaurudisha mahali pake, akaukaza. Shee akaweka mdomo kwenye chuma kile cha moto.

“Karibu, kaka,” akasema. “Karibu.”

Montavia ikajikokota mpaka ufuo huu, watu mia tatu wakashuka, nayo ikazama na Famau wake. Wale tisa wa kwetu hawakuthubutu kurudi kwao kumtazama mama yake usoni. Wakabaki hapa, wakachimba kisima. Shee ni babu yangu mzaa baba. Mdomo wake uliungua siku ile, na kovu lile nimeliona mimi.

Ndiyo maana katika mji wetu hodi hupigwa mara mbili tu. Mgeni asiyejua akipiga ya tatu, kila aliye ndani huacha anachokila, husimama, na husema, “Karibu, kaka.”