Kadi ya Mgeni Mmoja

Sogeeni karibu. Na wewe unayecheka kule nyuma, cheka tu, maana nitakuuliza wewe kwanza.

Huko milimani Upare walikuwepo watu watatu. Nanzia alikuwa na mgongo. Mbonea alikuwa na sauti. Zablon alikuwa na neno moja, akishalisema, halirudi. Na alikuwepo binti, Namkunda, ambaye tangu darasa la pili alisema, "Mimi nitakuwa jaji." Watu wakacheka, kama huyo wa nyuma.

Mguu mmoja wa Namkunda ulikuwa umepooza, na shule ilikuwa ng'ambo ya kilima. Shangazi yake Nanzia akambeba mgongoni, kupanda na kushuka, miaka saba, masika na kiangazi. Leo shangazi hawezi kunyooka. Ukimsalimia, anaitikia akitazama viatu vyako.

Namkunda akaendelea, akafika chuo cha sheria. Miezi mitatu kabla ya mtihani wa mwisho macho yakaugua, daktari akayafunga bandeji. Kaka yake Mbonea alikuwa amepata nafasi ya kusomea ualimu. Akaiacha ipite, akakaa na dada yake akimsomea vitabu vya sheria mpaka koo likakauka. Bandeji zilifunguliwa asubuhi ya mtihani. Namkunda akafaulu. Nafasi ya Mbonea haikurudi.

Akawa hakimu. Siku moja jalada la kesi ya tajiri mmoja likapotea, wakamsingizia kwamba ameliuza. Karani wake Zablon akasimama mbele ya wakubwa, akamnyooshea kidole tajiri mwenyewe: "Aliyelichukua ni yule pale. Nilimwona." Namkunda akabaki kwenye kiti chake. Zablon, tajiri alihakikisha amefukuzwa kazi.

Miaka ikaenda. Namkunda akateuliwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu. Kwa siku ya kiapo akapewa kadi moja, mgeni mmoja. Wale watatu, kila mmoja alijua kadi ni yake, hata hakuuliza. Wakashona nguo mpya, wakakutana getini.

"Mgongo huu ndio uliokuwa gari lake," Nanzia akasema.

"Shangazi, gari lako liliishia darasa la saba," Mbonea akajibu. "Sheria zote zimepita kwenye koo hili."

Zablon akakohoa. "Ninyi mlimpandisha. Walipotaka kumshusha, mlikuwa wapi?"

"Na wewe hata si ndugu! Umetokea wapi?"

"Hapa hapa getini, mama, kama wewe."

Namkunda akatoka, amevaa joho, ameegemea fimbo. Askari akamwambia, "Mheshimiwa, tunafunga mlango, na kadi yako haina jina."

"Nipe kalamu."

Askari akampa.

"Nimewaamulia watu nisiowajua," akasema. "Walio wangu sitawakimbia."

Akaandika jina moja.

Haya, wewe uliyecheka, kalamu hiyo shika. Ungeandika jina la nani? Na wale wawili wanaobaki getini na nguo zao mpya, ungewaambia nini?